Siku Nane Nilizomlinda Yesu Tumboni

Kisu kinapopita katika mche wa sabuni hutoka harufu ambayo sabuni za kopo hazina. Ni harufu nzito ya mafuta na magadi, na kwa watu wengi humaanisha siku ya kufua. Kwangu mimi humaanisha shamba la migomba la marehemu Bibi yangu kule Keza, Ngara, asubuhi moja yenye umande, mimi nimechuchumaa nyuma ya mgomba na Bibi amenipa mgongo akisali rozari. Nitawaeleza ilikuwaje. Naomba tu mnivumilie, kwa sababu habari yenyewe ni ya choo, na ya haja kubwa iliyokaa ndani yangu siku nane bila kutoka.

Najua sisi watu wa dini tunapenda kuzungumza habari za roho, na tukifika kwenye tumbo tunaanza kukohoa. Lakini Bwana mwenyewe hakukohoa. Alipowafundisha wanafunzi wake juu ya unajisi, aliwaambia waziwazi chakula kinapita wapi na kinaishia wapi. Laiti ningalifundishwa hilo nikiwa na miaka tisa, nisingaliumia vile. Ila nisingalipata pia mambo mengine niliyoyapata, kwa hiyo namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuhamia katika kijiji cha ujamaa. Zamani kila familia ilikaa ndani ya migomba yake, nyumba hii upande huu wa bonde, ile upande ule. Serikali ikatupanga kwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, na nyuma ya kila nyumba pakachimbwa choo cha shimo. Vyoo vyote vilikuwa kwenye mstari mmoja, na balozi wa nyumba kumi alipita kuvikagua kama vina vifuniko. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa mtiifu kwa wakubwa, akachimba chake kama wengine. Ila alisema ni ajabu kwamba sasa mtu akienda haja, kijiji kizima kinajua ameenda na kinajua amerudi. Migomba yetu ya zamani ilibaki kule mteremkoni, mwendo wa nusu saa, na tuliiendea kwa kupalilia na kukata ndizi.

Bibi alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwingine. Asubuhi tukimwamkia shikamoo, alijibu marahaba, halafu papo hapo aliuliza, "Umetoka?" Hakumaanisha kutoka nje ya nyumba. Alimaanisha kule nyuma. Baada ya uji wa moto alitutuma mmoja mmoja, mimi na mdogo wangu Yusta, na kwenye mlango wa choo alikuwa ameacha majani laini ya kujipangusia aliyoyachuma jana yake jioni, fungu la kila mtoto. Alisema tumbo la asubuhi ni kama ng'ombe zizini. Usipomfungulia kwa saa yake, analala, na akishalala utamsukuma mpaka jua lizame.

Baba yangu alikuwa mgambo. Kwa muda mrefu umgambo wake ulikuwa kama mchezo kwetu. Alikwenda mazoezini na bunduki ya mti aliyoichonga mwenyewe, na siku nyingine zote Bibi aliitumia bunduki hiyo kuangulia mapapai. Kisha redio ya mwenyekiti wa kijiji ikatangaza kwamba nchi yetu imevamiwa kule upande wa Kyaka, na mchezo ukaisha. Baba na wanaume wengine walipakiwa kwenye lori siku ya soko. Lori likashika njia ya Biharamulo. Mama hakulia mbele yetu. Alirudi nyumbani, akachukua kipande cha sabuni kilichobaki, maana sabuni ilikuwa imeanza kuadimika madukani, akakifunga katika kitambaa na kukiweka ndani ya sanduku lake. Alisema ni cha kufulia nguo za baba siku atakaporudi, na asikiguse mtu.

Ndipo tunafika kwenye Komunyo yangu ya kwanza.

Aliyetufundisha alikuwa Katekista Gaspari, mkulima kama sisi, mwenye watoto saba na baiskeli moja isiyo na breki. Padri alifika kigangoni kwetu mara chache kwa mwaka, kwa hiyo Gaspari ndiye aliyekuwa macho na masikio ya Kanisa. Alikuwa mwalimu mwema na mwenye kicho. Kutufundisha kupokea, alikata muhogo mkavu vipande vyembamba kama karatasi, akatuwekea ulimini mmoja mmoja. Hatukuruhusiwa kutafuna. Siku moja kipande cha mtoto mmoja kilianguka sakafuni. Gaspari akatuambia kwamba siku ile ya kweli, chembe ikianguka, hata iwe ndogo kama punje ya ulezi, Padri huinama, huiokota kwa vidole vyake, na mahali pale huoshwa kwa maji safi, kwa sababu aliyeanguka pale si mkate tena, ni Bwana. Akapiga magoti pale alipoangukia muhogo, nasi tukapiga magoti pamoja naye. Kicho kilichonishika siku ile sijakisahau hadi leo.

Halafu aliongeza jambo la pili. Alisema kwamba siku ya kwanza Yesu akiwa ndani yako, mko karibu kuliko mtoto na mama yake, basi mwombe jambo moja kubwa.

Nilikuwa nalo.

Dominika ilipofika nilivaa gauni jeupe lililoshonwa kutokana na shuka la Mama, kwa sababu vitambaa havikuwapo. Nilipokea. Nikarudi kwenye gogo nililokuwa nimekalia, nikafumba macho, nikamwambia Yesu: mlinde baba, asife, arudi nyumbani. Nilimwambia mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani kwetu, nikiwa sina hakika kule mbinguni wanatumia ipi zaidi.

Tulirudi nyumbani, tukala ugali na kuku, tukaimba. Jioni jua likiwa bado lipo, tumbo likaniita. Nikaenda nyuma kama kawaida, nikainua kifuniko, nikatazama shimoni. Mle ndani mlikuwa na giza, na nzi, na harufu mnayoijua. Nikakumbuka chembe ya muhogo. Nikakumbuka Padri anavyoinama. Kama Bwana akianguka kwenye sakafu iliyofagiliwa ni lazima tupige magoti, je, nikimwangusha humu? Na nikimwangusha humu leo leo, siku ileile niliyomwomba, baba atabaki na nani huko vitani?

Nikarudisha kifuniko. Yale majani laini nikayatupa shimoni ili Bibi asijue, nikarudi ndani nikiwa nimebana.

Labda mnacheka. Yusta alicheka sana baadaye. Lakini kwangu mimi hesabu ilikuwa wazi kabisa: maadamu Yesu yuko tumboni, baba yuko hai.

Jumatatu haikuwa ngumu. Tumbo liliita, nikabana, likanyamaza. Asubuhi Bibi aliuliza kama nimetoka, nikasema nimetoka, na huo ukawa uongo wangu wa kwanza tangu niungame. Jumanne liliita tena kwa nguvu kidogo. Jumatano halikuita, nikafurahi, nikadhani Yesu amekubali kukaa. Sikujua, na watoto wengi hawajui, kwamba haja ikikataliwa haiondoki. Inakaa mle ndani, mwili unaifyonza maji, inakuwa ngumu kama udongo wa matofali, na kila siku inaongezewa nyingine juu yake. Mwishowe hata mlango wenyewe unasahau kazi yake. Nilipunguza kula ili nisimsukume Yesu. Kisha nikapunguza na kunywa maji. Yote mawili yalikuwa ni kujiongezea ugonjwa, nami nilidhani ni kufunga na kusali.

Alhamisi nilianza kutembea nimeinama. Sikuruka kamba shuleni. Nikikaa, nilikaa upande upande. Yusta, ambaye hakuwa na huruma wakati huo, alinitazama akamwambia Mama kwamba dada amekuwa kuku, anaatamia, na vifaranga vitatoka wiki ijayo.

Ijumaa likatokea jambo lililowapoteza wote. Nguo yangu ya ndani ilichafuka kwa majimaji ambayo sikuyaamuru wala kuyasikia yakitoka. Mama alipoiona alisema mtoto anaharisha. Wakati wa vita kulikuwa na hofu ya magonjwa, naye alikuwa peke yake bila mumewe, kwa hiyo alifanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya. Alichemsha majani ya mpera, machungu na mazito, ya kufunga tumbo linaloharisha, akaninywesha vikombe viwili Ijumaa na vingine viwili Jumamosi. Masikini Mama yangu. Alikuwa anaongeza kufuli kwenye mlango ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuufunga na kuuegemea.

Dominika kulikuwa na sala bila Padri. Nilipojaribu kupiga magoti, maumivu yalinikata kama kisu, nikalala kifudifudi pale sakafuni. Gaspari alisimamisha masomo. Nilibebwa nyumbani.

Bibi akanilaza kwenye mkeka, akapasha viganja vyake motoni, akanishika tumbo. Alianzia kulia, akapanda, akavuka, akashuka upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta yai ndani ya majani makavu. Chini kule kushoto vidole vyake vikasimama. Akamwita Mama, akauweka mkono wa Mama pale.

"Huku ni kuharisha?" akamwuliza. "Hivi ni viazi ndani ya gunia. Yale majimaji yanapita pembeni kwa sababu njia imezibwa. Mwaga hayo majani yako, mwanangu."

Jirani mmoja aliyekuja kunijulia hali akasema kuna mizizi fulani ya kusukumia tumboni kwa kibuyu, kupitia nyuma, inatoa kila kitu kwa saa moja. Bibi alimshukuru kwa heshima, akakataa. Alikuwa amezika mtoto mmoja zamani kwa kibuyu cha namna hiyo. Hakutaja hilo mbele yangu. Niliambiwa nikiwa mkubwa.

Jumatatu asubuhi Bibi alinibeba mgongoni kwenda zahanati. Nilikuwa na miaka tisa, miguu yangu ikimgonga magotini, na kila alipovuka kijito alisimama kupumua akasema Mungu ni mwema. Muuguzi wa pale alikuwa mama mmoja mpole kutoka Nyamahanga, Biharamulo, aliyezoea kucheka na wagonjwa. Alinipima, akaniuliza maswali ambayo sikuyajibu, kisha akageuka kwa Bibi. Kabati la dawa, alisema, halina kitu cha tumbo la namna hii, na hata lingekuwa nacho asingeanzia huko. Alimwambia anipe maji mengi ya uvuguvugu, mapapai, majani ya maboga, kijiko cha samli. Kwa kufungulia, akate kipande cha sabuni chembamba, akilainishe kwa maji, akiweke pale panapostahili, taratibu. Mizizi asiguse. Kisha akasema jambo lililokuwa kubwa kuliko dawa zote.

"Mama, huyu hakufunga choo kwa chakula tu. Huyu ameshikilia. Mtoto akishikilia hivi, kuna kitu anakiogopa. Kijue hicho kwanza. La sivyo utamfungua leo, na kesho atajifunga tena."

Tulipofika kwenye jiwe kubwa lililo nusu ya njia, Bibi alinishusha, akakaa, akaniweka miguuni pake. Hakuniuliza naogopa nini. Alifungua kibuyu cha maji akaninywesha, akaangalia bonde kwa muda mrefu kama mtu asiye na safari. Bibi alikuwa na subira ya namna hiyo. Ukimya ukanishinda, nikaanza kulia, nikamwambia yote. Chembe, shimo, uongo wa majani, na baba.

Nilitazamia achukie au acheke. Alifanya ishara ya msalaba, akanifuta pua kwa pindo la kanga yake.

"Swali hili ni kubwa kuliko mimi," alisema. "Anayelijua ni aliyekufundisha. Twende kwake."

"Nisiende chooni kwanza?"

"Usiende kwanza. Tumemngoja siku nane, hatutashindwa kumngoja saa moja."

Gaspari alikuwa kwenye shamba la kijiji na watu wa zamu yake, wakilima maharage. Alitoka na jembe lake, matope hadi magotini. Bibi alimweleza kwa sauti ya chini, pembeni ya shamba, nami nikiwa nimejificha nyuma ya kanga yake. Nilimwona Gaspari akilaza jembe chini. Kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Daforoza," alisema, "kosa hili ni langu. Nilikufundisha habari ya chembe, sikukufundisha habari ya tumbo. Nisamehe."

Sikuwahi kabla ya hapo kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, tena katekista. Bibi alinigusa bega, nikasema nimesamehe, na nilisema vile mtu anavyoitikia shikamoo.

Akanifundisha pale pale shambani. Alisema Bwana huja kwetu katika alama ya mkate. Maadamu ile ni mkate, yumo, na ndiyo maana tunaheshimu hata chembe. Lakini mkate ukishaingia mwilini hausimami, unayeyuka kama chakula kingine, na alama ikiisha, Bwana habaki amekaa tumboni akingoja kutupwa. Amekwisha kupita, akafika moyoni, pale mahali mtu anapopendea. Kinachobaki ni pumba. Akaniuliza tunafanya nini na pumba baada ya kupata unga. Nikasema tunazitoa nje. Akaniambia basi, hata mwili unafanya hivyo, na si dhambi wala si dharau.

Nikamwuliza juu ya baba. Nakumbuka sauti yangu ilikuwa ndogo mno.

"Baba yako hayumo tumboni mwako, mwanangu. Yuko mkononi mwa Mungu. Na Mungu hahitaji wewe uugue ndipo amshike."

Nadhani aliona bado nasitasita, kwa sababu alikuna kidevu kwa mkono wenye matope, akaongeza kwamba Bwana alizaliwa mtu kweli, si mtu wa kuigiza. Alikula, akashiba, na akaenda kule wanakokwenda watoto wote. "Unadhani kule Nazareti Mama Maria hakumwuliza asubuhi kama ametoka?"

Bibi alifanya tena ishara ya msalaba, safari hii haraka haraka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika kiuno, mpaka watu wa zamu wakaacha kulima wakatutazama. Tangu lori lile liondoke, sikuwa nimemsikia Bibi akicheka.

Nyumbani, Mama alifungua sanduku. Bibi alikuwa ametaja sabuni tu, hakuomba ile. Alitoa kile kitambaa, akakifungua, akamkabidhi Bibi kipande cha sabuni ya baba. Bibi alisita, akamwambia atakata kidogo tu. Mama akasema akate anachotaka, kwa sababu baba akirudi akakuta nguo chafu atazivaa, ila akirudi akakuta mtoto hayupo, atavaa nini? Kisu kikapita, harufu ikajaa chumba. Kilichokatwa kilikuwa chembamba kama kidole cha mtoto mchanga.

Jioni hiyo na asubuhi iliyofuata ikawa ninywe, nile papai, ninywe tena. Baada ya uji Bibi alinichukua, si kwenye choo cha mstari, bali kule mteremkoni kwenye migomba ya zamani. Alisema safari ya namna hii haitaki balozi. Alichimba shimo dogo nyuma ya mgomba, akaniweka ile sabuni kwa mkono mwepesi, akanionyesha namna ya kuchuchumaa, viwiko juu ya magoti. Alinikataza kukaza na kubana pumzi. Alisema nipulize, taratibu, kama napuliza moto wa kuni mbichi, na tumbo lenyewe litajua la kufanya. Kisha akanigeuzia mgongo, akatoa rozari yake.

Sitawaficha, iliuma. Nililia, nikapuliza, nikalia. Damu kidogo ilitoka. Bibi hakugeuka wala hakuniharakisha, ila kila nilipolia aliongeza sauti ya Salamu Maria ili nijue yupo. Tulikuwa kwenye fumbo la nne la rozari wakati gunia lilipofunguka. Nilipomaliza nilikuwa mwepesi kiasi kwamba nilishika mgomba nisianguke. Bibi alifukia, akanawa kwa jivu na maji, akamalizia fumbo la tano, maana hakupenda kuacha sala njiani.

Sipendi kuwadanganya kwamba mambo yaliishia hapo, kwa sababu tumbo lililofungwa siku nane haliaminiki upesi. Kwa wiki nyingi Bibi aliniketisha kila baada ya uji, liite lisiite. Kila siku nilikula majani ya maboga na papai, na kibuyu cha maji kilinifuata mpaka shuleni. Siku niliposhindwa hakunigombeza. Alisema ng'ombe aliyepigwa mlangoni huogopa mlango. Mama naye alijifunza, na kutoka siku hiyo kila mtoto wa jirani aliyeonekana anaharisha, Mama alimshika tumbo kwanza kabla ya kuchuma majani ya mpera.

Baba alirudi kiangazi, alasiri moja, kwa miguu kutoka njia panda. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, na mkoba wake ulikuwa na kopo tupu na biskuti za jeshi ngumu kama vigae. Mama alifua nguo zake kwa sabuni iliyobaki. Majirani walikuja, wakashukuru, wakaondoka. Tulipobaki wenyewe, Bibi, ambaye kwake hakuna jambo la mwili lililokuwa la aibu, akamsimulia mwanawe habari yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na hata Nazareti hakuiacha.

Baba alicheka sana. Alishika biskuti moja akaigonga kwenye kigoda, ikalia kama mti. Akasema, "Kwa chakula hiki, mwanangu, nusu ya kikosi tulikuwa kama wewe. Kuna siku nilimwomba Mungu anifungue tumbo kabla hajanitoa vitani." Tukacheka wote. Kisha akanitazama. Akaniuliza kama ni kweli zilikuwa siku nane. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kwa ajili yake. Nikasema ndiyo, lakini sasa najua kwamba hakuwamo tumboni mwangu.

Baba aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, kule kwenye vyoo. Akakaa huko muda mrefu. Mama alitaka kumfuata, Bibi akamshika mkono, akatikisa kichwa. Mimi nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Zile biskuti! Nikaenda jikoni, nikamimina maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kikubwa cha bati, nikampelekea. Nilimkuta amesimama tu, ameegemea ukuta wa choo, uso wake umeloa na macho mekundu, na nikamwonea huruma kwa jinsi alivyojikaza.

"Usibane pumzi, baba," nilimwambia. "Puliza polepole, kama moto wa kuni mbichi."

Alipokea kile kikombe kwa mikono miwili. Akapuliza, kweli, mara tatu, kama nilivyomwagiza. Akanywa maji yote nikiwa namwangalia, nami nikarudi ndani nikawatangazia wote kwamba baba amefunga choo, ila sasa atapona.

Nilizaa watoto watano na kuwauguza wote. Mmoja wao, akiwa mdogo kama nilivyokuwa, alinificha homa siku mbili ili nisiache kwenda kumzika mama yangu, na mimi nikajikuta nimeegemea ukuta nyuma ya nyumba, nikilia huku nikipuliza. Hapo ndipo nilipojua baba hakuwa ameugua tumbo. Nikashukuru kwamba siku ile, mbele ya mtoto aliyekuwa na hakika kabisa ya dawa yake, alikubali kunywa.